Mwaka wa Vifuniko Viwili

Mwezi uliopita tulimzika Mama Kahindo kule Beni, mchana, katika joto ambalo sisi wa Butembo hatujawahi kulizoea. Wanawake wa kanisa lake waliimba kwa Kinande mpaka udongo wa mwisho ukamwagwa, na mimi nilisimama nyuma karibu na ukuta, nikiogopa kuonwa na nikiogopa pia kutoonwa. Hapo ndipo mtu akanishika kiwiko. Alikuwa Mama Julienne. Alikuwa ameshuka kutoka Butembo kwa gari la kwanza la asubuhi, mzee sasa, shingo imekuwa nyembamba, kitenge chake cheusi kimefungwa vizuri kama cha mtu anayekwenda kufundisha. Tuliketi kwenye benchi moja. Sahani hazikutosha, basi tukaletewa wali na maharage katika sahani moja, tukala, yeye upande wake na mimi upande wangu. Aliniuliza kama watoto wangu wanasoma vizuri. Nilimuuliza kama bati la nyumba yake bado linavuja. Mwaka uliofanya sisi watatu tujuane hatukuutaja. Lakini ndani ya gari la kurudi niliona kwamba wanaoujua mwaka ule kutoka ndani tumebaki wawili, na mwenzangu si mtu wa kusimulia. Kwa hiyo ninauandika mimi, ambaye nilikuwa na makosa zaidi.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nilikuwa nimemaliza shule ya uuguzi, na kwa miezi mingi nilizunguka na diploma yangu ndani ya bahasha, kutoka kituo cha afya kimoja hadi kingine, nikiambiwa nirudi wiki ijayo. Daktari Muhindo ndiye aliyenichukua. Alikuwa na ofisi ndogo Bulengera, mtaa mmoja wa Butembo, chumba kilichonukia dawa ya kuua vijidudu na chai, dirisha lake likitazama mahali wanawake walipouza makaa na vitunguu. Wenzake wa Kampala walikuwa wakijaribu dawa mpya ya ngozi. Butembo hapakuwa na mashine ya mionzi. Mwanamke aliyepatwa na saratani ya titi, kama jamaa zake waliweza kuchangishana, alivuka mpaka akakaa Kampala wiki kadhaa, akilazwa chini ya mashine siku baada ya siku, kisha akarudi kwetu. Alirudi akionekana mzima. Siku chache baadaye ngozi ya kifua na ya kwapa iligeuka nyeusi, ikakauka, na kwa wengine ikafunguka na kutoa maji, kama ya mtu aliyemwagikiwa na uji wa moto. Majirani walisema ugonjwa umetoka nje. Daktari alisema ni moto wa mashine, ambao hukawia kufika.

“Écoute, Kavira,” aliniambia siku ya kwanza, “manjano unaijua?”

“Ya kupikia?”

“Ile ile. Ndani yake kuna kitu kinachoweza kuzima huu moto. Mais ukiipakala tu, inabaki juu ya ngozi, inachafua nguo, basi. Donc wameifunga ndani ya vitone vya mafuta. Vidogo sana, njo wanaita nano.” Alijing’oa unywele mmoja akauweka juu ya karatasi nyeupe. “Upana wa huu unywele, hapana urefu, upana: vitone mamia vinaweza kupanga mustari hapo juu. Njo vile vinapenya, vinaingia na dawa yao.”

Niliutazama unywele ule mpaka macho yakanitoka machozi. Kisha akanieleza sehemu iliyobaki, ambayo nilidhani ndiyo rahisi. Nusu ya wanawake wangepewa jeli yenye vitone hivyo, na nusu wangepewa jeli tupu, rangi ile ile, harufu ile ile. Tyubu za kundi moja zilikuwa na kifuniko chekundu, za kundi lingine kifuniko cha kijani. Kipi ni kipi, wanawake hawakujua, mimi sikujua, hata yeye hakujua. Orodha ilifungiwa Kampala mpaka mwisho. Kazi yangu ilikuwa kupima uzito wa tyubu kila Jumanne ili ijulikane kama mgonjwa anapaka kweli, kupiga picha ya ngozi, kuipa daraja kutoka sifuri, ngozi nzima, hadi nne, mbaya kabisa, na kuandika yote kwenye fishi, karatasi ya kila mgonjwa. Nilipewa mizani ndogo, kamera, na begi la bluu lenye ufunguo. Nilitembea nalo katikati ya Bulengera kama mtu aliyebeba Ekaristi.

Wanawake waliotoka mbali walikaa wiki sita za kwanza katika nyumba moja ya kukodi nyuma ya duka la misumari. Chumba ninachokikumbuka ni kile cha mwisho, chenye vitanda viwili vya mbao, dirisha moja, na sakafu ya saruji iliyokuwa baridi mpaka saa nne asubuhi. Kitanda cha karibu na mlango kilikuwa cha Mama Kahindo, mkulima wa kakao kutoka Mbau, mwanamke mnene wa kicheko kikubwa, ambaye hakuweza kurudi kwake kwa sababu watu walikuwa wakiuawa mashambani upande ule na barabara ilifungwa na kufunguliwa kama mlango wa upepo. Tyubu yake ilikuwa ya kifuniko chekundu. Kitanda cha dirishani kilikuwa cha Mama Julienne, mwalimu wa darasa la sita, mwembamba, mwenye maneno yaliyopimwa. Yeye alikuwa na nyumba yake palepale Bulengera, lakini ilijaa wajukuu, na daktari alitaka apumzike. Yake ilikuwa ya kijani. Walikuwa wamelala chumba kimoja Kampala pia, na walizoeana kama watu waliovuka mto pamoja. Mmoja alisali rozari, mwingine aliomba kwa sauti akimtaja Yesu kila baada ya maneno matatu, na kila mmoja alidai kwamba mwenzake anamchosha Mungu.

Nilipenda kufika saa ya chakula. Walipika wenyewe uani, bugali wa muhogo na sombe ya majani yake, siku nyingine ndizi za makemba na visamaki vya fretini, na waliniwekea kiti cha chini kabla sijasalimia. Mara nyingi nilisimama kwanza nje ya mlango nikiwasikiliza.

“Hivi bintu bidogo-bidogo,” nilimsikia Mama Kahindo akisema, “macho haibione. Sasa bikishaingia mu mwili, nani atabiambia bitoke?”

“Mais Kahindo, hata microbe haumuone, na anatoka.”

“Microbe anatoka siku bakikuzika. Miye nauliza juu ya hii ya mafuta.”

“Nilimuuliza daktari wa Kampala. Alisema itajulikana kisha.”

“Kisha ya nini? Kisha ya kufa?” Wakacheka wote wawili, kisha Mama Julienne akaguna kwa maumivu, kwa maana kucheka kulimvuta ngozi ya ubavuni.

Sasa ninapofikiria swali lile ninaona lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa katika kazi ile, na mimi niliingia nikitabasamu na kuwaambia wasiogope. Sikuwa na haki ya kusema hivyo. Nilikuwa nimejifunza dakika ishirini tu, kwa unywele mmoja.

Wiki ya pili ngozi ya Mama Kahindo ilikauka na kuchunika kidogo kidogo, kama ganda la kitunguu, na chini yake ikatokea ngozi mpya. Nilimpa daraja la kwanza. Ya Mama Julienne ilifunguka kwapani, kidonda chekundu cha upana wa kiganja, kikitoa maji. Nilimpa la tatu. Hakulalamika. Mama Kahindo ndiye aliyezungumza, akiwa anakoroga bugali: “Basi ile nyekundu njo dawa. Haihitaji masomo kuona.” Nikamwambia kwamba haijulikani, kwamba miili haifanani, kwamba kwapa hufunguka upesi kuliko kifua. Aliniitikia kwa heshima kama mtu anavyomwitikia mtoto.

Jumanne iliyofuata niliweka tyubu nyekundu juu ya mizani nikaona imepungua mara mbili ya ilivyopaswa. Niliweka ya kijani: haikupungua hata kidogo.

“Mama Julienne,” nikasema, “hii yako haukupakala?”

Alitazama dirishani. Mama Kahindo akaketi vizuri kitandani.

“Usimuulize yeye. Uniulize miye. Nilimupa yangu.”

“Mama, balikataza. Mulitia sahihi.”

“Balikataza kupana. Na kusikia, balikataza? Weye unakuya Jumanne, unaandika, unaenda kwenu. Miye niko kwa hiki kitanda, yeye kwa kile. Asubuhi akinawa anauma taulo na meno juu nisimusikie, na mi nasikia. Dawa iko mu tyubu yangu. Mutoto yangu, ungefanya je?”

Nilikaa kwenye kiti changu cha chini. Nilijua ninachopaswa kufanya: kuvuka barabara, kumwambia daktari, na kuandika kwenye fishi kwamba tyubu zimechanganywa. Nilijua pia kwamba wangeondolewa wote wawili, na wakiondolewa wasingepata tena bandeji wala chumba wala safari ya kurudi Kampala kuangaliwa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ilikuwa ya kweli. Lakini palikuwa na nyingine chini yake. Wagonjwa wawili wakitoka, daktari angeuliza muuguzi alikuwa wapi, na mimi nilikuwa nimechoka kuzunguka na bahasha. Miaka yote hii nimejaribu kuzipima sababu hizo mbili nijue ipi ilikuwa nzito, na siku nyingine ninapata jibu ambalo silipendi.

Nikasema neno ambalo hakuna aliyenituma kulisema. “Basi musichanganye. Kama ni nyekundu, ikuwe nyekundu peke yake. Hii ya kijani uiache kabisa.” Mama Julienne alinitazama kwanza mimi, kisha akaitikia kwa kichwa, akaiweka tyubu yake ndani ya sanduku lililokuwa chini ya kitanda. Nami nikaandika kwenye fishi uzito ambao tyubu mbili zingekuwa nao kama kila mtu angepaka yake.

Wiki mbili baadaye nilifungua mlango asubuhi nikapokewa na harufu. Mama Julienne alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa tayari, midomo imekauka, mwili unachoma kama jiko. Mama Kahindo alikuwa akimpepea kwa mfuniko wa sufuria na kuomba kwa sauti. Tulimpeleka hospitalini kwa pikipiki, mimi nyuma nikimshikilia, yeye katikati, dereva akipita kwenye mashimo kwa upole nisiousahau. Kidonda kilikuwa kimeingia uchafu. Alilazwa mwezi mzima na siku kadhaa. Kila asubuhi nilikwenda kumsafisha mwenyewe, ingawa wauguzi walikuwapo, na kila asubuhi aliuma shuka na kunishukuru. Siku moja aliniambia, “Bila ile ya Kahindo ningekuwa nimekufa. Umwambie.” Nilikuwa nimeshika pamba. Niliiweka chini nikaichukua tena.

Alipona, lakini kovu lilivuta. Mkono wa kulia haukupanda tena juu ya bega. Aliporudi shuleni alisimama mbele ya ubao siku ya kwanza na chaki mkononi, akajaribu kuandika tarehe, na watoto wakaona mkono unasimama katikati ya njia. Hilo nililisikia kwa mwalimu mwenzake sokoni, akilisimulia kwa muuza vitunguu, hajui mimi ni nani. Baadaye alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, kwa herufi kubwa zilizolala, na nasikia watoto wa darasa lile hata leo wanaandika wakilaza herufi.

Mama Kahindo alikuwa ameshashuka Beni kwa mtoto wake wa kiume. Kwake bado hakukufikika. Nilimfuata huko kila baada ya wiki mbili, kwa gari la abiria lililojaa, mpaka hewa ibadilike na nguo zigande mgongoni. Tyubu zake alizihifadhi ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga uliolowa maji, kwa sababu tulikuwa tumemwambia joto linaweza kuviunganisha vile vitone vikawa kitu kimoja na dawa isifanye kazi. Uani kwao palisikika muziki wa askari waliokaa ng’ambo ya barabara, Lingala tupu, na kando ya njia watu wengine walikuwa wameanika kakao yao kwenye maturubai ya plastiki. Yeye aliigeuzia mgongo. “Yangu inaozea mu miti,” alisema. “Naisikia harufu mpaka hapa, na si karibu.” Kisha akaniuliza lile aliloniuliza kila safari: “Na Julienne? Ile dawa ilimusaidia?”

“Anaendelea vizuri, mama.”

“Mungu ni mwema,” akasema, akanikatia pande kubwa la samaki.

Mwishoni mwa mwaka orodha ikafunguliwa. Daktari Muhindo aliniita ofisini saa nne asubuhi, akanimiminia chai ya maziwa kwa mkono wake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. Fishi zangu zote zilikuwa zimepangwa mezani.

“Nyekundu ilikuwa jeli tupu,” alisema. “Kijani njo dawa.”

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Nilimwona akilini Mama Julienne akiisukuma tyubu yake ndani ya sanduku kwa ncha ya vidole.

“Na inaonekana dawa inasaidia. Hapana sana, kidogo, mais inasaidia. Wa kijani karibu bote ngozi ilishika. Isipokuwa namba nne.” Akaichomoa fishi ya Mama Julienne. “Huyu alipakala kila siku, uzito iko correct, wewe mwenyewe uliandika. Na ngozi ikaoza. Sasa Kampala wanauliza: labda ngozi ikishafunguka, hivi vitone vinaleta uharibifu? Wanataka kusimamisha kwa wanawake wapya mpaka ijulikane.”

“Kusimamisha mpaka lini?”

“Je ne sais pas. Miezi. Pengine mwaka.”

Ningeweza kusema pale pale. Chai ilikuwa mbele yangu, mlango umefungwa, alikuwa mtu mwema. Lakini maneno yale hayakuwa yangu peke yangu. Yangewavua nguo wanawake wawili mbele ya watu wasiowajua. Nilimwomba siku tatu. Alidhani nina msiba, akanipa.

Siku iliyofuata nilikuwa Beni. Mama Kahindo alikuwa ameketi kivulini akichambua maharage kwenye sinia. Nilimwambia yote bila kukaa.

“Yangu ilikuwa maji?” akauliza.

“Haikuwa maji, mama. Jeli. Bila dawa ndani.”

“Na ile yake ilikuwa dawa.”

“Ndiyo.”

“Na ilikuwa mu sanduku.”

“Ndiyo, mama.”

Aliendelea kuchambua, akatupa jiwe dogo, akatupa lingine. Kisha akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Mke wa mtoto wake aliniletea maji ya kunywa na kuondoka bila kuniuliza kitu. Mama Kahindo alipotoka alikuwa amevaa kitenge cha safari na kushika mkoba.

“Miye sikujua,” alisema. “Na weye haukujua. Hilo ni la Mungu. Lakini miye nilisema na mudomo yangu, mbele yako, sikuficha. Weye ukaandika sawa vile haikufanyika. Ukatuacha tunashukuru. Hilo njo siwezi kukusamehe leo. Pengine kesho. Leo hapana. Twende kwa Julienne.”

Tukapanda gari la Butembo. Alikaa dirishani na mimi nikabanwa katikati, bega langu likigusana na lake kila kona, na kila mara akalivuta. Kesho aliyoitaja ilichukua miaka miwili kufika. Ilikuja kwa umbo la gunia la makemba lililoshushwa mlangoni kwangu na dereva wa lori, bila barua, na niliposhuka Beni kumshukuru alinipokea kama vile tulikuwa tumeonana juzi.

Mama Julienne alikuwa jikoni, anapika sombe, akikoroga kwa mkono wa kushoto. Alifurahi kumwona mwenzake mpaka alipouona uso wake. Nilisema kwa mara ya pili, safari hii nikiwa nimepiga magoti. Nilikiri pia kwamba ni mimi niliyemwambia aiache ya kijani kabisa. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

“Ningepakala yangu, huu mukono ungepanda?”

“Sijui, mama. Pengine. Pengine pia hapana. Hakuna mutu anaweza kujua.”

Mama Kahindo akaanza kulia kwa sauti, akijipiga mapaja, akisema ni yeye, ni mikono yake, afadhali angeshika cha kwake kama wachoyo wengine. Mama Julienne alimwacha kidogo. Kisha akasema, “Kahindo, sombe inaungua.” Mama Kahindo akanyamaza, akapangusa uso kwa ncha ya kitenge, akainua sufuria. Tulikula. Bugali ulikuwa wa watu wawili, tukaugawa kwa watatu. Sijawahi kula chakula kigumu kumeza kama kile, na hakuna aliyeniruhusu kuacha.

Baada ya kunawa mikono nilitoa karatasi niliyokuwa nimeiandika kwa Kifaransa, ya kumpelekea daktari. Nilimwomba Mama Julienne aisome, na kama hataki jina lake litajwe nitaichana. Alivaa miwani, akachukua penseli, akasoma polepole, ncha ikitembea chini ya mistari. Ikasimama pale nilipoandika kwamba tyubu zilibadilishwa, bila kutaja aliyebadilisha.

“« On a échangé les tubes. » On, ni nani?”

“Ni… sisi, mama.”

“Sisi banani? Mu darasa yangu mutoto akivunja dirisha anasema vilevile: on a cassé, ilivunjika tu. Kahindo alitoa. Miye nilipokea. Weye uliandika uongo. Ni batu batatu, na verbes tatu. Hakuna on hapa.” Alinirudishia karatasi. “Andika upya. Na majina uyaache mule mule. Sikuiba kitu.”

Niliandika upya juu ya meza yake, kati ya madaftari ya watoto, Mama Kahindo akiwa amesimama nyuma yangu ingawa Kifaransa hakukijua. Mama Kahindo alitoa. Mama Julienne alipokea. Kisha yangu, nilishauri na nilighushi: J’ai conseillé. J’ai falsifie. Penseli ikashuka juu ya neno la mwisho.

“Accent,” akasema Mama Julienne.

Nikaiweka alama juu ya herufi.

Daktari Muhindo alisoma karatasi ile akiwa amesimama, mara mbili. Hakunipigia kelele. Alitoka akakaa uani muda mrefu, nikamwona kwa dirisha amevua miwani, kisha akarudi, akapiga simu Kampala na kuwasomea neno kwa neno nikiwa nasikia. Wanawake wawili waliondolewa kwenye hesabu, lakini daktari alipigana mpaka matibabu yao na safari zao zikaendelea; wanawake wapya hawakusimamishiwa jeli. Mimi niliambiwa niache begi, mizani, kamera na ufunguo juu ya meza. “Ungekuja Jumanne ile,” alisema tu. “Ningekusaidia.” Ninaamini angefanya hivyo. Ni jambo ambalo linaniuma kuliko ufunguo.

Kwenye korido alikuwa ameketi mwanamke wa upande wa Lubero, muuza viazi, aliyekuwa akisubiri kuelezwa karatasi za safari yake ya Kampala. Aliona nguo yangu nyeupe akanivuta mkono.

“Mama muganga, hii dawa ya ngozi inasaidia?”

Sikuwa tena mtu wa kujibu. Nilikaa hata hivyo, kwenye benchi, karibu naye.

“Bado haijulikani, mama,” nikamwambia. “Inaonekana inasaidia kidogo. Lakini sikia. Ukiipakala, useme. Ukiisahau, useme. Ukimupa mwenzako, hata ukiitupa mu choo, useme vilevile.”

“Na bakinikasirikia?”

“Batakukasirikia,” nikasema. “Useme tu.”